Neno lipi liende wapi? Kuchagua maneno unapoandika Kiingereza

KalamuMbichi

Wakuu, salaam. Naomba msaada katika uandishi wa Kiingereza. Sarufi inakwenda: nyakati, umoja na wingi, mpangilio wa sentensi, hayo si ya kuninyima usingizi. Kinachokwamisha ni neno lenyewe. Ukitafuta "kupata" katika kamusi ya Kiswahili–Kiingereza unapewa "get", "obtain", "receive", "gain", "acquire", "find", yamepanga foleni bila maelezo ya lipi liende wapi. Ukichagua moja, kompyuta haipigi mstari mwekundu, lakini msomaji anakwambia, "Imeeleweka, ila haisemwi hivyo."

Sentensi nne zenye ugonjwa huo ni hizi:

1. We discussed about the big rain which made many damages.
2. I request for your advices before I take a decision.
3. Kindly submit the report until Friday.
4. The new manager is very stubborn; she never gives up.

Kila moja ina kosa gani hasa? Kuna utaratibu wa kufuata kabla ya kuamua neno, au dawa ni kusoma sana tu? Na kamusi ya visawe inasaidia au inaharibu?

MhaririWaZamu

Mkuu, "soma sana" ni ushauri wa kweli, lakini haumfai mtu mwenye ripoti ya kukabidhi kesho. Nianze na sentensi zako.

Ya kwanza ina makosa manne. "Discuss" haitaki "about". Ni kitenzi kinachodaka shamirisho moja kwa moja: "discuss the plan", basi. Chanzo cha kosa ni viwili. Kiswahili kinasema "kuzungumza kuhusu", na Kiingereza chenyewe kina nomino "discussion" ambayo ndiyo inayobeba "about". Ukishika kanuni hii moja utajiokoa na makosa mengi: kuna kundi la maneno ambalo nomino inachukua kihusishi na kitenzi hakichukui. "A request for help", lakini "request help". "Emphasis on quality", lakini "emphasise quality". "Contact with the office", lakini "contact the office". "Demand for water", lakini "demand an answer". "Entry into the room", lakini "enter the room". Mtu akiandika "emphasise on" au "demand for an answer" kama kitenzi, amechukua mkia wa nomino akaufunga kwenye kitenzi.

Mvua kwa Kiingereza haiwi kubwa, inakuwa nzito: "heavy rain". Upepo unakuwa "strong", si "heavy". Msongamano wa magari unakuwa "heavy", mvutaji wa sigara naye anakuwa "heavy smoker". Usitafute mantiki hapo. Ni mazoea ya lugha, kama sisi tunavyosema jua kali na si jua zito.

"Damage" haihesabiki. Ukiiwekea "s" umehamia mahakamani, maana "damages" ni fidia ambayo mahakama inaamuru mtu alipwe. Msomaji wa sheria akiona "many damages" atatafuta kesi. Na uharibifu hau-"make-iwi": unakuwa "caused" au "done". Basi: "We discussed the heavy rain, which caused a great deal of damage."

Ya pili: ondoa "for" kwa sababu niliyokwisha taja, ondoa "s" kwenye "advices". "Advice" kwa "c" ni nomino na haihesabiki. Ukitaka kuihesabu sema "a piece of advice". "Advise" kwa "s" ni kitenzi. Ila hapo mwisho usihukumiwe bure: "take a decision" si kosa. Waingereza wanaitumia, hasa katika maandishi ya serikali na mashirika. "Make a decision" ndiyo inayokubalika kila mahali, kwa hiyo chagua hiyo kama hujui msomaji ni wa wapi.

Ya tatu ni ya hatari kuliko zote kwa sababu haionekani kama kosa. "Mpaka Ijumaa" kwa Kiswahili inabeba maana mbili, Kiingereza kinazitenganisha. "Until" ni kwa kitendo kinachoendelea bila kukatika hadi muda huo: "The office is open until Friday." "By" ni kwa kitendo cha mara moja ambacho lazima kiwe kimekwisha muda huo ukifika: "Submit the report by Friday." Jaribio lake ni jepesi. Je, kitendo kinaweza kuendelea siku zote hizo? Kufungua ofisi kunaweza, kukabidhi ripoti hakuwezi. Mtu anayesoma "submit until Friday" anaweza kuelewa kwamba anatakiwa kuwasilisha kitu kila siku hadi Ijumaa.

Ya nne sarufi yake haina doa, ila umemtukana mtu uliyetaka kumsifu. "Stubborn" ni mkaidi, asiyesikia la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Ulitaka "determined" au "persistent". Kati ya hayo mawili, "determined" ni sifa safi. "Persistent" inaweza kugeuka kero, kama "a persistent cough", kikohozi kisichokoma.

Mtarjumani_K

Mhariri amemaliza sentensi. Mimi nijibu lile la utaratibu, kwa sababu ninaona watu wengi wanaanzia mahali pabaya: wanatafuta kitenzi.

Vitenzi vyetu vingine vina mabega mapana. Angalia "kupiga". Kupiga simu ni "make a call", kupiga picha ni "take a photograph", kupiga kura ni "cast a vote", kupiga mstari ni "draw a line", kupiga marufuku ni "ban", kupiga pasi ni "iron". Hakuna hata mmoja unaokwenda na "beat" au "hit". "Kutoa" nayo hivyohivyo: hotuba unai-"deliver" au "give", taarifa kwa umma unai-"issue", malalamiko unaya-"make", hoja unai-"raise" au "put forward", kitabu unaki-"publish".

Hiyo "kupata" yako ndiyo baba lao. Kwa Kiingereza kinachoamua kitenzi ni nomino inayofuata. Barua: "receive". Leseni: "obtain". Uzoefu: "gain". Ujuzi: "acquire". Faida: "make a profit". Hasara: "make a loss" katika hesabu, "suffer a loss" kwa mtu aliyeumia. Ajali: "have an accident", kamwe si "get an accident". Ugonjwa unagawanyika tena: mafua una-"catch", malaria una-"contract" ukiandika rasmi, kisukari una-"develop" kwa sababu hakiambukizi, kinajijenga taratibu mwilini. Ukiandika "he caught diabetes" umesema kwamba kisukari kinaambukiza, na daktari atakayesoma atashtuka.

Kwa hiyo: tafuta nomino, si kitenzi. Unataka kuandika "kupata hasara"? Usifungue "kupata". Fungua "loss" katika kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyotungwa kwa ajili ya wanaojifunza. Ndani ya maelezo ya "loss" utakuta "make a loss", "suffer a loss", "report a loss" zimewekwa kwa wino mzito. Kamusi ya Kiswahili–Kiingereza kazi yake ni kukupa fununu tu. Uamuzi haufanyiki pale.

Kuhusu kamusi: za wanaojifunza ni tofauti na zile nene za wenye lugha. Longman Dictionary of Contemporary English, kwa mfano, inaeleza maana zake kwa maneno ya msingi yapatayo 2,000 tu, kwa hiyo hutafuti neno ukajikuta unatafuta mengine matano. Oxford na Cambridge wana za aina hiyo pia, na zote zinasomeka bure mtandaoni. Ukifungua neno, angalia vitu vinne kwa mfuatano huu.

Kwanza herufi C au U pembeni ya nomino. C inahesabika, U haihesabiki. Hapa ndipo "informations", "equipments", "furnitures", "luggages" na "feedbacks" zinapofia. Kiswahili kinatuponza kwa sababu "vifaa" na "mizigo" ni wingi mchana kweupe, kwa hiyo mkono unaongeza "s" wenyewe.

Pili, umbo la sentensi linalofuata kitenzi. Nitalirudia hapa chini maana ndilo linaloumiza zaidi.

Tatu, alama za matumizi: "formal", "informal", "old-fashioned", "disapproving". Ungefungua "stubborn" ungeona maelezo yake yana harufu ya lawama.

Nne, mifano. Soma angalau mitatu. Kama sentensi yako haifanani na hata mmoja, neno hilo si lako.

Sasa hilo la pili. Kiswahili kinambandika mtendewa ndani ya kitenzi: "alinieleza", "alinipendekezea", "alinitangazia". Ukitafsiri unapata "she explained me", "she suggested me", na zote ni makosa. Kiingereza kina vitenzi vinavyokubali mtu moja kwa moja ("tell me", "give me", "send me", "show me") na vingine vinavyomkataa mpaka umtangulizie "to": "explain it to me", "describe it to me", "announce it to us", "say it to me". "Suggest" ndiyo jeuri kuliko zote: "She suggested that I apply" au "She suggested applying". "She suggested me to apply" haipo. Hakuna namna ya kukisia kutokana na maana, kwa sababu "tell" na "say" zinakaribiana sana lakini maumbo yao yanapingana. Lazima uangalie.

Ukishapata neno, lipeleke kwenye hazina ya matini ("corpus"), yaani mkusanyiko mkubwa wa maandishi halisi unaoweza kutafuta ndani yake kwa kompyuta, uone linatembea na nani. COCA ni hazina ya Kiingereza cha Marekani yenye maneno zaidi ya bilioni moja, na British National Corpus ni ya Uingereza, maneno milioni 100, nyingi za miaka ya mwisho ya karne ya 20. Ukiandika "ADJ rain" kwenye sehemu ya kutafutia ya COCA, inakuorodheshea vivumishi vinavyotangulia "rain" kwa wingi wa kutokea, na "heavy" utaiona palepale juu. Asiyetaka kujisajili atumie injini ya kutafutia ya kawaida: weka maneno ndani ya alama za kunukuu na kinyota mahali pa neno usilolijua, kama "caused * damage". Ila usiamini ile idadi ya matokeo inayoonyeshwa. Ni makisio, na kosa linalorudiwa na watu wengi litaonekana limejaa. Angalia ni nani ameandika, si wangapi.

BiMsahihishaji

Nakubaliana na walionitangulia, ila kamusi ya visawe bado haijajibiwa.

Mwanangu KalamuMbichi, kamusi ya visawe ni ya kumkumbusha mtu neno analolijua tayari. Si ya kumtambulisha kwa neno jipya. Ukikuta humo neno ambalo hujawahi kuliona kwenye sentensi ya mtu mwingine, liache. Chukua "thin". Utaorodheshewa "slim", "slender", "skinny", "lean", "emaciated". "Slim" ni sifa, "skinny" inachoma, "lean" ina misuli, "emaciated" ni mtu aliyebaki mifupa kwa njaa au maradhi. Kamusi imeyapanga mstari mmoja kama ndugu, kumbe mmoja ni pongezi na mwingine ni taarifa ya hospitali. "Famous" na "notorious" vilevile: wote wanajulikana, lakini wa pili anajulikana kwa ubaya. "Childlike" ni mwenye moyo safi wa mtoto, "childish" ni mwenye utoto.

Na kuna ile tabia ya kuogopa kurudia neno. Kwenye insha ya shule huenda ilikuletea alama. Kwenye mkataba, ripoti au mwongozo wa kazi inaleta balaa. Ukiandika "agreement" aya ya kwanza, "contract" aya ya pili na "deal" aya ya tatu, msomaji makini atauliza ni hati tatu au moja. Kitu kimoja, neno moja, tangu mwanzo hadi mwisho. Rudia bila aibu.

Kuhusu maneno makubwa na madogo, hapa nitatofautiana kidogo na ushauri unaosambaa kwamba eti daima utumie neno fupi. Kiingereza kina ngazi mbili kwa sababu ya historia yake. Chini kuna maneno ya wenyeji ya Kiingereza cha kale, lugha iliyo ndugu ya Kijerumani, juu yake yamekuja ya Kifaransa na Kilatini, hasa baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066. Ndiyo maana "ask" ina kaka zake "question" na "interrogate", na "begin" ina "commence". Sisi tunalijua jambo hili kwa damu: "kufa" ni Kibantu, "kufariki" limetoka kwenye Kiarabu, na hakuna anayeandika kwenye tanzia kwamba mzee amekufa. Huko nako "die" na "pass away" si za kubadilishana ovyo.

Kwa hiyo ndiyo, "use" badala ya "utilise", "before" badala ya "prior to", "buy" badala ya "purchase" isipokuwa kwenye hati za manunuzi. Lakini maneno mafupi ya Kiingereza yana mtego wake: vitenzi vyenye vijineno nyuma. "Put off" ni kuahirisha, na pia ni kumkatisha mtu hamu. "Look over" ni kupitia, "overlook" ni kutoona au kufumbia macho. "Turn down" ni kukataa, na pia ni kupunguza sauti. Ukikosea kijineno kimoja umesema jingine. Kwa anayeandika barua ya kazi, "postpone", "reject" na "examine" ni salama zaidi, japo ni ndefu, kwa sababu hazina maana ya pili ya kukuvizia.

Halafu usigeuze kitenzi kuwa nomino ukakiwekea kitenzi kingine cha kukibeba. "We conducted an investigation of" ni "we investigated". "They made a recommendation" ni "they recommended". Hili peke yake linapunguza ripoti vizuri, na linakuondolea kazi ya kuchagua kati ya "make", "do" na "conduct".

KalamuMbichi

Aisee, shukrani sana. Hilo la "until" na "by" sikuwahi kulifikiria. Naweka barua fupi hapa, mnionyeshe mnavyoipitia neno kwa neno:

"Sorry for your sickness. I beg to inform you that the meeting which was to happen on 03/04 was postponed to next Tuesday at 2 o'clock. You should come with the minutes. Few members have confirmed, so we can start."

Ninachotaka kusema: pole kwa kuumwa, mkutano umeahirishwa hadi Jumanne saa nane mchana, ni lazima aje na kumbukumbu za mkutano, na wajumbe kadhaa wameshathibitisha kwa hiyo tutaweza kuanza.

MhaririWaZamu

Tuipitie.

"Sorry for your sickness." Pole haina mwenzake kwa Kiingereza. "Sorry for" ikifuatwa na jambo inasikika kama kukiri kosa, kana kwamba wewe ndiye uliyemwambukiza. Inayotumika ni "I am sorry to hear that you are unwell." Vile vijineno "to hear" ndivyo vinavyokutoa hatiani. Kwa msiba usiandike "sorry" peke yake pia, andika "Please accept my condolences". Kwa mtu aliyechoka na kazi, Kiingereza hakina pole kabisa, kwa hiyo acha au andika shukrani.

"I beg to inform you" ni lugha ya barua za zamani. "Naomba" yetu ni adabu ya kawaida, "beg" ni kuombaomba au kupiga magoti. Andika "I am writing to let you know that", au nenda moja kwa moja kwenye habari.

"Was to happen": "happen" ni kwa jambo linalotokea lenyewe, kama ajali. Mkutano uliopangwa una-"take place", au kwa hapa "was scheduled for".

"03/04": Mwingereza anasoma tarehe 3 Aprili, Mmarekani anasoma Machi 4. Taja mwezi kwa jina. "Next Tuesday" nayo inagawa watu, kuna anayeelewa Jumanne hii inayokuja na kuna anayeelewa ile ya wiki inayofuata. Weka tarehe.

"Was postponed": ahirisho bado lina nguvu sasa hivi, kwa hiyo "has been postponed". "Postponed to" na "postponed until" zote sawa. Ukija siku kuutoa mkutano nyuma kuuleta mapema, usiseme "postpone" wala "push", sema "brought forward".

"You should come with": "should" ni ushauri, yaani "inafaa", lakini wewe ulisema ni lazima. "Must" inabana, na kwa barua ya mtu na mwenzake inasikika kama amri ya polisi. "Please bring the minutes" inatosha. "Please" na kitenzi kikavu ni ombi ambalo Kiingereza hakitarajii likataliwe. Ukitaka kuhakikisha hasa, ongeza sababu: "as we cannot proceed without them".

"Few members have confirmed": hapa herufi moja imekugeuza. "Few" ni wachache mno, karibu na hakuna. "A few" ni kadhaa. Umemwambia wamethibitisha wachache mno, halafu ukasema "so we can start". Msomaji atadhani umesahau "not".

"We can start" siyo kosa, ila kwa siku zijazo "we will be able to start" inaeleweka zaidi.

Matokeo:

"I am sorry to hear that you are unwell. The meeting scheduled for 3 April has been postponed until Tuesday 14 April at 2 p.m. Please bring the minutes, as we cannot proceed without them. Several members have already confirmed, so we will be able to start."

Nimechagua "several" badala ya "a few" makusudi, kwa sababu "a few" ni rahisi kuipoteza ile "a" wakati wa kuchapa.

Mtarjumani_K

Niongeze kwenye saa, maana kwa bahati KalamuMbichi amegeuza sawasawa lakini wengi hawageuzi. Saa nane mchana ni "2 p.m.", saa kumi na moja jioni ni "5 p.m.", saa mbili usiku ni "8 p.m.". Ongeza au punguza sita. "Usiku wa kuamkia Jumamosi" ni "Friday night", si "Saturday night". Na saa sita usipoandika "noon" au "midnight", "12 a.m." itawachanganya hata wenye lugha yao.

Mengine ya haraka ambayo yako upande wetu zaidi. "Kuazima" ni kwa anayetoa na anayepokea, Kiingereza kina "lend" kwa anayetoa na "borrow" kwa anayepokea, kwa hiyo "borrow me your pen" ni kinyume kabisa. "Mkono" ni "hand" hadi kifundo na "arm" toka hapo hadi begani. "Mguu" ni "foot" na "leg". "Kidole" cha mkononi ni "finger", cha mguuni "toe". Katika ripoti ya ajali au fomu ya bima tofauti hiyo ina maana ya pesa.

SpeliTu

Wamesema wakubwa. Nami nitupe la mwisho kuhusu kikaguzi cha kompyuta: hakioni kosa kama neno ulilokosea lipo kwenye lugha. "Loose" na "lose", "principal" na "principle", "complement" na "compliment", "personal" na "personnel", "stationary" na "stationery", "eminent" na "imminent". "The danger is eminent" inapita bila mstari, kumbe umesema hatari hiyo ni mheshimiwa. Dawa ni kutengeneza orodha yako ya maneno unayochanganya, yasizidi ishirini, kisha kabla ya kutuma bonyeza Ctrl na F utafute moja baada ya jingine.

Pia amua mapema: Kiingereza cha Uingereza au cha Marekani, na useti programu kwa hicho. Si suala la "colour" na "color" pekee. "Table a proposal" kwa Mwingereza ni kuiweka mezani ijadiliwe, kwa Mmarekani ni kuiweka kando isijadiliwe. "Quite good" kwa Mmarekani ni nzuri sana, kwa Mwingereza mara nyingi ni nzuri kiasi. Maneno kama hayo ukiwa na wasomaji wa pande zote yaepuke kabisa.

Na mashine za kutafsiri: ipe sentensi nzima, ikiwezekana aya nzima, usiipe neno moja. "Kufunga" peke yake itaikisia tu, haijui kama ni mlango, mzigo, goli au saumu.

KalamuMbichi

Nimenakili yote. Swali dogo la kufungia: nikiandika "by Friday", Ijumaa yenyewe imo au haimo?

BiMsahihishaji

Kwa kawaida imo, ila wapo wanaosoma kwamba Ijumaa ikianza tu umechelewa. "Before Friday" haina utata, Ijumaa haimo. "By the end of Friday" imo. Kama kuna faini au zabuni, usimwachie mtu nafasi ya kukisia: "by 5 p.m. on Friday 17 April". Na kama msomaji yuko nchi nyingine, taja ni saa za wapi.